Mesaji ikirudi, usiifute: kuna mtu hajapata habari

Huko Kasongo na Kabambare, ofisi ao kikundi cha raia kinaweza kutuma tangazo moja kwa watu wengi kwa njia ya barua pepe: siku ya chanjo, daraja lililovunjika, tahadhari ya usalama. Kisha zinarudi mesaji zenye jina MAILER-DAEMON ao Mail Delivery Subsystem. Wengi wanazifuta bila kusoma. Lakini kila moja inasema kwamba mtu fulani hajapata habari.

Fungua, utafute namba. Ikianza na 5, kama 550, mara nyingi anwani haipo, imekosewa ao imefungwa. Kutuma tena ni bure. Angalia herufi moja moja, kisha mpigie mwenyewe simu. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2. Anwani iliyokufa iondolewe kwenye orodha, kwani ukiendelea kuituma, barua zako zinaweza kuhesabiwa kuwa takataka hata kwa wale walio hai.

Namba ikianza na 4, shida ni ya muda: pengine sanduku limejaa, ao seva ya upande wa pili haijibu. Seva yako itajaribu tena yenyewe kwa muda. Kwa mkutano wa mwezi ujao, ngoja. Kwa tahadhari ya usalama, usingoje: piga simu ao mtume motari.

Kuna jambo lingine. Mtu akiwa Salamabila bila rezo, mesaji hairudi. Sanduku lake haliko ndani ya simu, liko kwenye seva ya mbali. Barua inafika pale na kulala. Kwa hiyo kimya si ushahidi kwamba amesoma. Kwenye tangazo la haraka, omba kila mtu ajibu «nimepata». Asiyejibu, atafutwe.

Chagueni mtu mmoja wa kazi hiyo, na daftari yenye jina, anwani, simu, na simu ya jirani. Anwani ziandikwe kwenye Cci, ili orodha yote isionekane na kila mpokeaji.

Na mesaji «iliyorudi» ikikuomba neno la siri, ni mtego. Hiyo ndiyo ya kufuta.