Pai ya Mapera Haingojei Oveni

Leo tunabonga dishi.

Apo ya Sauzi iacheni kwa supamaketi. Najua TikTok imewaonyesha pai ya apo mpaka mkaiota usiku, lakini hiyo apo imetoka Afrika Kusini, imekaa kwa baridi, na ikifika town ukisoma bei unajifanya simu yako imelia. Na huku nyuma ya keja mapera zinaanguka zinaoza, kuku zinadonoa sare. Manze hiyo ni aibu. Pai ya Kakamega ni ya mapera, inatiwa sukari nguru, inaokwa kwa sufuria na makaa. Nitakushow venye inaendaga, na nitakuambia sababu, juu resipe bila sababu hukuacha kwa mataa siku unga ikibadilika.

Mpera si wa huku. Ulitoka Amerika ya joto, ukafika Afrika, ukapata mafans wa kwanza kwa ndege na kima. Wanakula, wanaishia mbele, mbegu zinaanguka, ndio unaona mipera imejipanda yenyewe kando ya Msitu wa Kakamega, kwa mashamba ya Shinyalu, kwa mitaro, kwa fensi. Mwaka wa 2008 kuna watafiti walichapisha kwa jarida la Biotropica kazi walifanya kwa mashamba ya kuzunguka msitu wetu: chini ya mipera walipata miche ya miti ya msitu inamea, juu ndege wakitua kudishi wanaleta mbegu zingine. Kwa hivyo mpera ni mgeni, lakini ako mboka.

Ndani ya hifadhi pale Buyangu usijaribu kuchuma, hiyo ni ya KWS na kima wao. Za boma zinatosha. Ingia na heshima, msalimie nyanya wa boma: "Mulembe kukhu. Nilikuwa naomba mapera kidogo za kupika." Atakucheki mara mbili juu ya hiyo kupika, halafu atakuambia ubebe tu. Ukipanda mti bila kuomba, usilaumu mbwa. Na unajua mbwa za huku hazichezi, sisi ndio tuko na soko ya mbwa pale Lubao.

Sasa kwa nini mapera na si tunda lingine? Pektini. Hiyo ndio kitu hufanya jemu ishikane, na pera iko nayo mob, haswa ile haijaiva kabisa. Ukiichemsha na sukari na limau inajifunga yenyewe bila kuitiwa usaidizi. Nanasi haina pektini ya maana, ndio maana pai ya nanasi hukimbia kwa sahani mpaka uitie konfloa. So ukichuma, theluthi mbili ziwe zimeiva, zile zinanuka mpaka msee wa nduthi anakuuliza umebeba nini. Theluthi ingine ziwe ngumu, bado za kijani. Zilizoiva zinaleta harufu, ngumu zinashikilia. Kilo moja inatosha pai ya watu 8.

Noma ya pera ni mbegu. Ukiuma moja vibaya jino litakukumbusha wiki nzima. Osha, kata katikati, na kijiko uchote ile sehemu ya mbegu uweke kwa sufuria ndogo na maji nusu kikombe. Chemsha dakika 10 hivi, halafu sukuma kwa chujio ya waya. Ile ya nailoni itapasuka. Mbegu zibaki juu, uji uteremke. Ile nyama ya nje katakata vipande vidogo, virudishe kwa huo uji.

Halafu nguru. Sisi ni watu wa miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga 1973, kikaanguka mpaka kikawekwa chini ya mrasimu 2019, na siasa zake sizitaki kwa pai yangu. Muwa haukungoja kiwanda. Kwa hii kaunti kuna vijiwanda vidogo vinachemsha maji ya muwa kwa makarai makubwa mpaka ikauke, inatoka vile vibonge vya kahawia unaona kwa soko. Ukiitisha kilo mbili, mwenye duka atakuangalia na jicho moja, juu anajua wateja wake wengine wanapikia nini huko mtoni. Mwambie ni ya pai. Hatakuamini, na ni sawa.

Nguru haijatolewa molasi, so iko na kaladha ka moshi na karameli. Sukari nyeupe ni utamu tu, haina stori. Chukua gramu 150, ikwaruze, iyeyushe na maji vijiko viwili vitatu, uichuje kwanza juu mara nyingi iko na takataka za miwa. Mwaga kwa mapera na maji ya limau moja na chumvi ya kubana na vidole viwili. Mimi naongeza tangawizi peke yake. Mdalasini wasee wanaipenda, lakini inafunika pera, na kama unataka kunusa mdalasini si utengeneze tu chai. Acha itokote moto mdogo ukikoroga. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia ikibaki wazi kidogo kabla ijifunge, umefika. Toa kwa moto, iache ipoe. Ipoe kabisa, si vuguvugu. Ukiimwaga moto kwa unga, mafuta itayeyuka kabla hata pai ione jiko.

Tufike kwa unga, penye wasee wengi huanguka, na wa kulaumiwa ni chapo. Sisi tumelelewa na chapo. Mkono wetu ukiguswa na unga unaanza kukanda bila kuulizwa. Sasa skiza: ngano iko na protini zenye zikikutana na maji na ukande, zinafungana ziwe nyuzi, ndio inaitwa gluteni. Chapo inazitaka, ndio ikuwe laini, inyooke bila kukatika. Pai inataka kuvunjika kwa mdomo. So kazi yako ni kufunika unga na mafuta kabla maji ifike, halafu utoe mikono mapema.

Pima gramu 300 za unga nyeupe ya kawaida, si ile imeshawekwa bekin pauda, na gramu 150 za mafuta. Mafuta ni nusu ya unga, siku zote. Ukishika hiyo hauhitaji kuandika mahali. Chumvi nusu kijiko cha chai. Blue Band peke yake ni laini sana na iko na maji ndani. Kimbo ama Kasuku ni mafuta tupu, inakaa ngumu, lakini haina ladha ya kuandikia nyumbani. Nachanganya nusu kwa nusu. Siagi ya ukweli ukiimudu, hiyo inashinda zote, hatubishani.

Mafuta na maji ziwe baridi. Najua hauna friji, na haijalishi sana, juu Kakamega iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na si Mombasa. Piga hii kitu mangware ama jioni mvua ikishapita, na hapa mvua unaijua, haikosi. Tumbukiza kopo la mafuta kwa ndoo ya maji baridi nusu saa, basi. Kisha sugua mafuta ndani ya unga na ncha za vidole. Kiganja weka mbali, kiko moto. Simamisha ukiwa bado unaona vipande vya saizi ya maharagwe. Usivimalize! Ndani ya moto vitayeyuka, viache nafasi, mvuke uinue unga, ndio upate yale matabaka unaona kwa picha. Nyunyiza maji vijiko vitano ama sita vya mezani, kijiko kwa kijiko, ukikusanya mpaka ishikane. Ikiwa na vijinyufa, iko fiti. Ikiwa imekuwa laini na inang'aa, weka karai kwa moto upike chapo, hiyo si pai tena.

Funika ipumzike nusu saa. Sukuma na kifimbo cha chapo ama chupa ya soda ya glasi: theluthi mbili ziende chini kwa sahani ya bati, theluthi moja ifunike. Mwaga mapera katikati, bana kingo na uma, kata mikato minne juu, ya mvuke kutokea, paka maziwa.

Sasa nare. Mathe wako kama alisoma 8-4-4, ile ilianza 1985, muulize kuhusu Home Science. Wengi wao walioka keki kwa sufuria kabla wewe ufikiriwe. Chukua sufuria kubwa, nzito, ya kuingiza sahani nzima na nafasi ibaki. Chini weka mchanga mkavu wa inchi moja, ama mawe matatu madogo, sahani isiguse chuma moja kwa moja. Funika, weka kwa jiko la makaa yenye imeshika vizuri, haitoi moshi, na uipashe dakika 15 ikiwa tupu. Ukiingiza pai, panga moto upya: theluthi moja ya makaa ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya mfuniko. Mfuniko uwe wa bapa, bila kishikio cha plastiki.

Kuna msee atasema ako na meko, makaa ni ushamba. Skia. Meko kwa keki inaweza. Kwa pai inakuangusha, juu moto uko chini peke yake. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko haujapata moto, unarudi matone juu ya unga. Chini imeungua, juu nyeupe imelowa, na hapo ndio watu husema pai ni ya wazungu. Makaa ikikaa juu, mfuniko unakuwa moto, tone halishuki, na pai inakuwa rangi ya dhahabu. Kwa hii kitu makaa inashinda gesi, na siombi msamaha. Kama uko na meko tu, acha pai bila kifuniko cha unga: ganda chini, mapera wazi juu. Itakubali.

Lakini hii si jokes: makaa ndani ya bedsita imefungwa inaua. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, hainuki na hauioni. Okea nje, penye upepo unapita, na jiko usilirudishe ndani usiku hata ukidhani limezima.

Usifunue kabla ya dakika 25, kila ukifunua joto inahepa. Ikifika dakika 40 cheki. Ganda liwe la kahawia na mapera zinatokota kupitia ile mikato. Ikiwa juu bado imepauka, ongeza makaa juu, punguza chini, ipe 10 zingine. Toa, halafu ngoja saa moja ama mbili. Hapo ndio pagumu, juu ploti nzima inanuka na majirani wameanza kupita kwa mlango wakikohoa bila kikohozi. Kaza roho. Pektini inashikana ikipoa. Ukikata saa hiyo unapata uji na lawama. Ikishapoa inakatika safi, na strungi ya tangawizi kando hauhitaji kitu kingine.

Mapera zikiisha, nanasi inakubali, ila itie konfloa vijiko viwili na upunguze nguru. Embe yenye haijaiva kabisa pia iko sawa. Avokado wacheni, tafadhali.

Kwa upande wa doh, ukiwa umeomba mapera, jirongo moja inanunua unga, mafuta, nguru, limau na makaa, na chenji inarudi. Ndio, ile noti ya 500 ilibatizwa kwa msee wa Lugari, kwa hivyo hata pesa ya hii pai ni ya nyumbani. Na hapo ndio nataka kubonga na makomredi wa chuo cha Masinde Muliro wenye wanalia mboka hakuna. Zungukeni town mcheki vioo vya mikahawa: ukipata pai, mara nyingi ni ya nyama. Matunda yameachiwa juisi. Pai moja inatoa vipande 8, malighafi iko kwa fensi ya kukhu, na wateja wako hosteli ya pili. Mtu aanze wiki hii. Akifungua meza niambieni ni wapi, nitakuja na chenji yangu.