Kompyuta ya Kikundi Inaposahau: Ni Betri au Ni Mwendo?



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta. Vingine vimenunua ile iliyokwisha kutumika mjini, vingine vimepewa. Majina ya wanachama, mikopo, barua na risiti, vyote vimo humo ndani. Ni jambo jema. Lakini hebu fikirini siku kama hii. Jumatatu asubuhi katibu anawasha mashine ili aandike malipo ya mkutano. Skrini inakaa nyeusi, kisha yanatokea maandishi yenye neno CMOS yakimwambia abonyeze kitufe cha F1. Anabonyeza. Kompyuta inawaka, lakini ni nzito kuliko jana. Anaandika malipo, anachapisha risiti. Mwanachama akiisoma risiti yake, anakuta tarehe ya miaka mingi iliyopita!

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu anasema katibu amechezea hesabu. Yule anasema mashine tuliuziwa mbovu. Fundi anaitwa, anatazama kidogo na kusema ubao mkuu umekufa, leteni pesa tununue mwingine.

Ngojeni kwanza. Kabla hamjagusa mfuko wa kikundi, na kabla hamjamshuku katibu wenu, someni ukurasa huu. Mara nyingi kilichokufa ni betri moja ndogo kama sarafu. Mara nyingine hakuna kilichokufa: kompyuta imekataa tu kukimbizwa.

KOMPYUTA IKIZIMWA, NANI HUKUMBUKA?

Ndani ya sanduku la kompyuta kuna ubao mpana ambao kila kitu kimeunganishwa nao. Huu ndio ubao mkuu, mafundi wengi husema "mazabodi". Ubao huu una saa yake, na una maagizo yake: leo ni tarehe gani, diski ya kuanzia ni ipi, prosesa iende kwa mwendo gani, memori iende kwa mwendo gani. Maagizo haya huitwa mipangilio ya bayosi.

Zamani kompyuta nyingi ndogo hazikuwa na saa ya namna hiyo. Kila ukiwasha, ulilazimika kuandika tarehe kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa PC AT, yenye saa na kumbukumbu ndogo iliyolindwa na betri hata stima ikizimwa. Mpango huo tunao hadi leo. Siku hizi betri inayotumika katika kompyuta nyingi za mezani ni ile iliyoandikwa CR2032. Tarakimu 20 ni upana wake, yaani milimita 20. Tarakimu 32 ni unene wake, milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3.

Betri hii hudumu miaka kadhaa, kisha huchoka. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini waya wake uko kwenye soketi yenye stima, ubao hupata umeme kidogo kutoka ukutani na betri hupumzika. Lakini sisi wengi huzima soketi kila jioni, na pengine stima yenyewe hupotea siku mbili. Wakati huo wote betri ndiyo inafanya kazi. Hivyo msishangae ikichoka mapema.

"OVAKLOKI" NI KITU GANI?

Kuna jambo la pili la kuelewa, hasa kama mlinunua kompyuta iliyokuwa ya vijana wa michezo au wa kutengeneza video.

Mnaijua mashine ya kusaga posho. Imetengenezwa izunguke kwa mwendo fulani. Mtu akiweka puli kubwa zaidi kwenye injini, kinu kitazunguka haraka na unga utatoka upesi. Lakini beringi zitapata moto, mashine itatetemeka, na siku moja mtakuta imesimama.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hupigiwa mapigo ya msingi milioni 100 kwa sekunde, kisha mapigo hayo huzidishwa. Yakizidishwa mara 36, prosesa inakwenda mapigo milioni 3,600 kwa sekunde, ndiyo ile huandikwa GHz 3.6. Mtu anaweza kuingia kwenye bayosi akaweka mara 40 na kuongeza volti kidogo. Sasa inakwenda GHz 4.0. Huko ndiko kuovakloki, yaani kulazimisha mashine kupita mwendo iliyopimiwa kiwandani. Memori nayo hufanywa hivyo. Memori ya DDR4 iliyouzwa kwa jina la 3200 inaweza kwenda 2133 tu mpaka mtu awashe mpangilio uitwao XMP.

Mipangilio hii ikipotea, kompyuta hurudi kwenye mwendo wa kawaida. Haijaharibika. Imerudi tu pale kiwanda kilipoiweka.

ANGALIENI SAA KWANZA

Hili ndilo neno kubwa la ukurasa huu. Mipangilio ikipotea, msiulize fundi kwanza. Iulizeni saa ya kompyuta.

Lakini msitazame ile saa ya pembeni mwa skrini baada ya Windows kufunguka. Ikiwa mna intaneti, Windows huweza kurekebisha saa yenyewe na kuficha ugonjwa. Zimeni kompyuta, kisha mkiiwasha bonyezeni kitufe cha Delete au F2 mara kwa mara mpaka ukurasa wa bayosi utokee. Kompyuta nyingine hutumia kitufe tofauti. Huandikwa kwenye skrini inapoanza. Someni tarehe iliyo hapo.

Tarehe imepotea pamoja na mipangilio: shukuni betri.

Tarehe ni sahihi lakini mipangilio ya mwendo imepotea: betri inafanya kazi. Ubao wenyewe umeikataa ile ovakloki.

Tarehe imepotea lakini mipangilio imebaki: hapo pia ni betri. Mashine nyingi za siku hizi huandika mipangilio yao katika chipu isiyohitaji umeme, lakini saa bado hutegemea betri.

JARIBIO LISILO NA GHARAMA

Rekebisheni tarehe kwenye bayosi na muhifadhi. Usiku wa kwanza zimeni kompyuta lakini acheni soketi ikiwa na stima. Asubuhi angalieni tarehe. Usiku wa pili zimeni na soketi pia. Asubuhi angalieni tena. Ikiwa usiku wa kwanza ilikumbuka na usiku wa pili ikasahau, betri imechoka. Mmejua bila kutoa hata shilingi.

Fundi wa redio mwenye mita anaweza pia kuipima. Betri mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Ikionyesha chini ya 2.7, badilisheni.

KUBADILISHA BETRI

1. Andikeni mipangilio yote ya bayosi kwenye karatasi, au ipigeni picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Msisahau pale palipoandikwa SATA. Hapo pakibadilika, Windows inaweza kukataa kuanza.

2. Kama diski yenu imefungwa kwa BitLocker, tafuteni kwanza ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Kompyuta inaweza kuuuliza.

3. Zimeni kompyuta na mchomoe waya wa stima ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe.

4. Fungueni upande wa sanduku. Gusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa ubao, maana mwili wako una umeme mdogo unaoweza kuua chipu.

5. Sukuma kibanio kidogo pembeni mwa betri. Betri itainuka yenyewe. Usiichokore kwa kisu.

6. Weka CR2032 mpya kama ile ya kwanza ilivyokaa. Mara nyingi upande wenye alama ya + hutazama juu.

7. Funga, rudisha waya, ingia kwenye bayosi, weka tarehe na ile mipangilio mliyoandika, kisha hifadhi.

Watu wengi huogopa kwamba hesabu zitafutika. Hapana. Hesabu zenu ziko kwenye diski, si kwenye betri. Betri hizi hupatikana kwa watengenezaji wa saa na maduka ya kompyuta, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ubao mpya. Kwa kompyuta ya kubeba, betri hiyo mara nyingi ina waya na imefichika, mpeni fundi.

TAHADHARI KUBWA: WATOTO

Betri hii ndogo ni hatari kwa mtoto. Akiimeza, inaweza kukwama kooni na kuchoma nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa ni ile iliyochoka. Mkimshuku mtoto kwamba ameimeza, msingoje dalili na msimtapishe. Mpelekeni hospitali yenye mashine ya eksirei wakati huo huo. Betri iliyotolewa izungushieni utepe wa plastiki na muiweke mbali. Isiachwe juu ya meza ya ofisi.

KAMA NI MWENDO

Ubao mkuu ukiwashwa hujipima. Ukishindwa kuanza mara moja au mara chache, huamua kwamba mipangilio ya mwendo imezidi, unaifuta, na unaanza kwa ile salama. Huo ni ulinzi. Sasa, kwa nini ovakloki iliyofanya kazi mwaka mzima ikataliwe leo? Sababu ni za kawaida:

Vumbi. Feni na mabati ya kupozea yamezibwa, prosesa inapata moto. Safisheni kwa brashi laini, kompyuta ikiwa imechomolewa.

Ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake imekauka. Fundi aiweke upya.

Kifaa kinachogawa umeme ndani ya sanduku, yaani pawasaplai, kimezeeka.

Stima kukatika wakati kompyuta ndiyo inaanza, au mtu kuizima kwa nguvu kabla haijafunguka. Ubao hufikiri umeshindwa kuanza, kumbe ni stima tu. Kwa hiyo msimalaumu aliyewasha.

Je, muirudishe ile ovakloki? Kwa kompyuta ya hesabu, sisi tunasema: hapana. Memori iliyolazimishwa inaweza kukosea bila kuonyesha dalili yoyote. Tarakimu moja ikibadilika katika mkopo wa mwanachama, mtagombana mwaka mzima. Haraka haraka haina baraka. Kama mashine ni nzito, ongezeni memori, au wekeni diski ya SSD mahali pa ile ya zamani inayozunguka. Mtaona faida zaidi kuliko ovakloki, na bila hatari.

Kama ni kikundi cha vijana cha kutengeneza video na lazima mwendo uongezwe, fanyeni hivi: ongezeni kidogo, badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati, kisha pimeni memori kwa saa kadhaa kabla ya kuongeza tena. Windows ina kipimo chake cha memori. Na hesabu za kikundi zisikae kwenye mashine hiyo.

BADO INASAHAU?

Betri ni mpya lakini tarehe bado inapotea? Tazameni kwenye ubao palipoandikwa CLR CMOS au maneno yanayofanana na hayo. Kuna vipini vidogo na kifuniko chake kiitwacho jampa. Jampa ikiachwa upande wa kufuta, ubao utasahau siku zote, na mwingine hautawaka kabisa. Fuateni kitabu cha ubao huo. Angalieni pia kama mshikio wa betri umepata kutu au umelegea. Mkishamaliza haya yote bila kufaulu, sasa fundi akisema ubao ni mbovu, msikilizeni.

KULINDA HESABU NA KULINDANA

Katibu azoee kusoma tarehe kabla ya kuandika lolote. Risiti zilizotoka na tarehe mbaya zisitupwe; ziwekewe alama, na kosa liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu mbele ya wanachama. Nakala ya hesabu iwekwe kwenye kifaa kingine kila baada ya mkutano. Na ile karatasi ya mipangilio ya bayosi ikunjwe iwekwe pamoja na cheti cha usajili, ili atakayekuja baada yenu aikute.

Betri ya kompyuta ikiisha, hubadilishwa kwa dakika kumi. Imani kati ya wanachama na katibu wao ikiisha, haiuzwi dukani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ilikuwa ya nani kabla yetu? Je, imeovaklokiwa?

2. Soketi yetu huzimwa kila siku? Betri ilibadilishwa lini mara ya mwisho?

3. Risiti ikitoka na tarehe isiyo sahihi, tutamwuliza nani kwanza: katibu, au saa?