Je, Wajua? Aliyetangulia Chumbani Hotelini

Je, wajua kwamba kiumbe anayewafanya watoto wapige mayowe zaidi katika vyumba vya hoteli za Pwani ndiye asiye na madhara? Mjusi kafiri hana sumu na hana haja na mtu aliyelala. Usiku kucha anawinda mbu, nondo na wadudu wengine wanaofuata mwanga wa taa. Waislamu wengi hawampendi kwa masimulizi kwamba alipuliza moto aliotupiwa Nabii Ibrahim, na hilo ni la imani yao. Lakini mwili wake ni wa kustaajabisha. Hutembea darini miguu juu bila gundi wala ute. Nyayo zake zina vinyweleo maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kimegawanyika nchani kuwa vijincha vidogo mno, vinavyousogelea ukuta kwa karibu hata molekuli zikavutana na molekuli. Kellar Autumn na wenzake huko Marekani walithibitisha jambo hilo mwaka 2002. Hana kope za kufumba, kwa hiyo husafisha macho yake kwa ulimi. Mkia ukikatika huota mwingine, ila badala ya mfupa, ndani yake kuna gegedu.

Mwacheni ukutani. Wa kutafutwa ni yule asiyeonekana mkiwasha taa: kunguni.

Ukoo wake ni wa kale kuliko popo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kunguni walianza kwa kunyonya damu ya popo mapangoni. Mwaka 2019 kundi la watafiti waliokuwa wamekusanya kunguni wa aina nyingi kwa miaka 15 walilinganisha vinasaba vyao, wakakuta ukoo huo ulikuwepo zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi za dinosaria, popo wakiwa bado hawajatokea. Leo, kati ya aina zote hizo, mbili ndizo zimezoea kabisa kuishi na binadamu, na mojawapo hustawi zaidi katika nchi za joto kama zetu.

Je, kumkuta kunguni chumbani ni ushahidi kwamba hoteli ni chafu? Hapana, na wafanyakazi wengi wa usafi wamelaumiwa bure kwa hilo. Kunguni hafuati vumbi wala makombo. Hufuata joto la mwili na hewa ya kaboni dioksidi tunayoitoa tukipumua, na hayo mgeni tajiri anayo sawasawa na mgeni maskini. Hana mabawa, wala haruki. Husafirishwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliweka mifuko ya nguo safi na ya nguo zilizovaliwa katika vyumba vyenye kunguni. Kunguni walielekea kwenye nguo zilizovaliwa mara mbili zaidi ya walivyoelekea kwenye nguo safi, kwa kuwa harufu ya mwili hubaki kwenye kitambaa. Basi lile rundo la fulana za watoto linaloachwa wazi kwenye begi sakafuni ndilo gari lake la kumfikisha kwenu.

Wajua pia kwa nini baba na mama hubishana asubuhi? Mama ana vipele vilivyojipanga mkononi na anajikuna, na baba aliyelala naye kitanda kimoja anaapa hakuna kitu. Huenda wote wawili wameumwa. Miili haifanani: wengine huvimba siku hiyo hiyo, wengine baada ya siku kadhaa, wengine hawaoti kipele kabisa. Kunguni hunyonya kwa dakika chache tu, mate yake yakizuia damu isigande, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo chumba kilichofungwa msimu mzima si lazima kiwe salama. La kutuliza moyo ni kwamba haijathibitishwa kuwa kunguni humwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Kwa malaria, adui ni mbu, na chandarua kisiachwe kimefungwa fundo juu ya kitanda eti kwa sababu chumba ni cha bei.

Sumu nazo amezizoea. DDT ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940 ilionekana kama mwisho wake, lakini mwaka 1947 huko Hawaii tayari walikuwepo kunguni ambao haikuwaua. Dawa nyingi zinazopulizwa leo zinashindwa vivyo hivyo. Joto hajalizoea: likipita nyuzi 50 za Selsiasi, yeye na mayai yake hufa, na ndiyo maana bibi zetu waliomwagia vitanda maji yanayochemka walikuwa sahihi. Kuanika godoro juani husaidia, ila joto halifiki ndani ya sifongo. Katika nchi za Balkani watu walitandaza majani ya maharage sakafuni usiku, na asubuhi wakayakusanya na kuyachoma moto yakiwa yamejaa kunguni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza siri yake: jani lina vijinywele vilivyopinda vinavyomchoma kunguni miguuni na kumnasa.

Mkifika, mabegi yawekwe kwanza bafuni juu ya vigae. Vueni shuka pembeni, mulikeni mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kichwani kwa tochi ya simu. Tafuteni vitone vyeusi kama vya wino, magamba yaliyovuliwa, na mdudu bapa wa kahawia wa milimita 5 hivi. Mkimwona, msikubali chumba cha jirani, kwa maana hupenya nyufa na kufuata mabomba. Ombeni cha ghorofa nyingine. Na mkirudi nyumbani, nguo zote, hata zile ambazo hazikuvaliwa, zitoke begini moja kwa moja hadi kwenye maji ya moto.