Supakaa: Yapi ya Kweli, Yapi ya Uzushi

Ubishi wa magari ya kasi haukawii kugeuka ubishi wa tarakimu. Mmoja anataja nguvu farasi, mwenzake anataja kasi ya mwisho, na mwenye namba kubwa anapewa ushindi. Waliokesha wakiyabuni magari hayo hata hawatajwi. Nayapenda magari haya kwa dhati, ndiyo maana jambo hilo linanikera. Kila supakaa la maana ni msimamo wa mtu fulani kuhusu kipi kibaki na kipi kiachwe, na msimamo huo ndio unaostahili kubishaniwa. Haya hapa ni madai yanayorudiwa sana, na hukumu yangu kwa kila moja.

“Mwenye nguvu farasi nyingi keshamshinda mwenzake.” Si kweli.

McLaren F1 ilizinduliwa Monaco mwaka 1992. Injini yake ya V12, lita 6.1, iliundwa na BMW chini ya Paul Rosche, nayo ilitoa nguvu farasi 627. Mwaka 2005 ikaja Bugatti Veyron yenye 1,001. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha. Sasa ziweke kwenye mizani: McLaren kilo 1,138, Bugatti kilo 1,888. Kwa kila tani moja, McLaren ina takriban nguvu farasi 551 na Bugatti ina 530. Gari lililotangulia kwa zaidi ya miaka kumi ndilo lililompunguzia kila farasi mzigo.

Hilo halikutokea kwa bahati. Mbunifu wake, Gordon Murray, ni mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, aliyehamia Uingereza mwaka 1969 na kujenga jina katika Formula One akiwa Brabham, kisha McLaren. Mashindano yalimfundisha kwamba kilo ukiipunguza inakulipa kila mahali: gari linachomoka upesi, linakata kona bila kuyumba, linasimama karibu, na tairi hazichoki. Nguvu inakulipa pale tu unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana F1 haina ABS wala usukani wa pawa, na breki zake hazina kifaa cha kuusaidia mguu. Kenwood walitakiwa kuiunda upya mashine ya muziki ili iwe nyepesi. Hata spana zilizokuja na gari zilikuwa za titani.

Veyron hata hivyo ilikimbia zaidi, kilomita 407 kwa saa dhidi ya 386, na ilifika 100 mapema kuliko F1. Magurudumu yake yote manne yanasukuma, kwa hiyo tairi hazizunguki bure wakati wa kuondoka. Halafu gari likishashika kasi kubwa, uzito si adui mkuu tena. Adui ni hewa. Ukitaka kukimbia maradufu katika hewa ileile, unahitaji nguvu kama mara nane. Kwa hiyo nguvu farasi zina mahali pake hasa, nako ni mwishoni mwa barabara ndefu iliyonyooka.

“Dhahabu kwenye McLaren F1 ni mbwembwe za matajiri.” Si kweli.

Fungua kifuniko cha injini ya F1 na utaona kuta zake zimefunikwa kwa karatasi ya dhahabu, gramu kama 16 tu. Ekzosi ya V12 inatoa joto kali, na nyuma ya kuta hizo kuna nyuzi za kaboni ambazo hazipendi joto. Dhahabu hulirudisha joto lilikotoka vizuri kuliko karibu metali yoyote nyingine, na inafulika ikawa nyembamba mno. Murray alikuwa anatafuta ngao isiyo na uzito, na dhahabu ndiyo iliyojibu.

“Murray ndiye wa kwanza kumketisha dereva katikati.” Si kweli. Pininfarina walifanya hivyo mwaka 1966 kwenye Ferrari 365 P Berlinetta Speciale, viti vitatu na usukani katikati. Murray alichofanya ni kuliweka wazo hilo katika gari ambalo wateja waliweza kulinunua.

“Veyron ni gari la kujionyesha, halina falsafa.” Si kweli, na hapa namtetea Ferdinand Piëch, mwenye wazo la Veyron, bila kusita.

Piëch alikuwa mjukuu wa Ferdinand Porsche, na kabla ya kuongoza Volkswagen alishasimamia Porsche 917 na Audi quattro. Mwaka 1997, ndani ya treni ya mwendokasi kati ya Tokyo na Nagoya, alichora kwenye bahasha injini ya silinda 18. Iliyotengenezwa mwishowe ikawa na silinda 16 na turbo nne. Masharti yake yalikuwa makali: nguvu zaidi ya farasi 1,000, kasi zaidi ya kilomita 400 kwa saa, na jioni ileile mwenye gari aweze kuvaa suti na kwenda opera kwa utulivu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lililowatesa mafundi. Kujenga gari la mashindano lenye nguvu hizo kulishawezekana. Lakini lisichemke kwenye foleni, lisipige kelele za kuudhi, na likubali kuendeshwa na mtu yeyote mwenye leseni? Veyron ina rejeta 10 kwa sababu ya swali hilo. Ina ufunguo wa pili unaochomekwa kando ya kiti cha dereva kabla ya kutafuta kasi ya mwisho. Gari hujishusha chini na bawa la nyuma hulala. Kwa kasi hiyo tangi la lita 100 humalizika kwa kama dakika 12.

Murray mwenyewe aliikosoa vikali kabla haijatoka, kisha alipoiendesha akausifu ufundi wake. Namheshimu kwa hilo. Watu wawili wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu gari linafaa kuwa nini, na bado mmoja akatambua kazi nzuri ya mwenzake.

“Rekodi ya kasi ni rekodi, haina mjadala.” Nusu kweli.

Uliza kwanza ilipimwa vipi. Mwaka 2017 Koenigsegg Agera RS ilikimbia kwenye barabara ya Nevada, Marekani, ikaenda na kurudi, na wastani ukawa kilomita 447 kwa saa. Mwaka 2019 Bugatti Chiron iliyofanyiwa marekebisho ilifika 490, lakini upande mmoja tu, kwenye uwanja wa Ehra-Lessien, Ujerumani. Kwenda na kurudi kunafuta msaada wa upepo na mteremko. Upande mmoja haufuti. Uliza pia kama mteja anapewa kasi hiyohiyo. Veyron Super Sport iliweka rekodi ya 431 mwaka 2010, lakini zilizouzwa zilifungiwa zisipite 415, kwa ajili ya kulinda tairi. Tairi ndiyo mwamuzi wa mwisho katika kazi hii, na haitajwi inavyostahili.

“Linalopendeza machoni ndilo linalopita vizuri hewani.” Si kweli.

Kwangu mimi Lamborghini Miura ndilo gari zuri kuliko yote yaliyowahi kuundwa. Ferruccio Lamborghini hakuwa na haja nalo; alitaka magari ya safari ndefu, ya starehe. Waliolitaka ni vijana wake Gian Paolo Dallara, Paolo Stanzani na dereva wa majaribio Bob Wallace, waliolifanyia kazi nje ya saa zao. Chasi tupu ilionyeshwa Torino mwaka 1965, na Marcello Gandini wa Bertone akaivisha bodi kwa ajili ya maonyesho ya Geneva ya Machi 1966. Hakuna kati ya hao wanne aliyekuwa ametimiza miaka 30.

Na kwenye uzuri huo ndipo penye somo la ufundi. Pua ya Miura huinuliwa na hewa gari likikimbia sana. Tangi la mafuta liko mbele, hivyo kadiri unavyokwenda mafuta yanapungua na pua inazidi kuwa nyepesi. Dereva anaushika usukani unaolegea wakati ambapo anauhitaji zaidi. Countach, Lamborghini nyingine ya Gandini, baadaye ikawekewa bawa kubwa la nyuma ambalo wateja walilililia, ingawa liliipunguzia gari kasi. Gandini alikuwa mchongaji wa umbo, na umbo lake lingali linatetemesha moyo baada ya miongo kadhaa. Lakini jicho halioni hewa.

“Supakaa la kweli lazima litese.” Si kweli, ila watetezi wake wana ushahidi mzuri.

Ushahidi huo ni Ferrari F40 ya 1987, gari la mwisho kuidhinishwa na Enzo Ferrari kabla hajafariki mwaka uliofuata. Sakafu haina zulia. Mlango unaufungua kwa kuvuta kamba. Rangi ilipakwa nyembamba kiasi kwamba ukiinama karibu unaona mfumo wa nyuzi za kaboni chini yake. Wakati huohuo Porsche walikuwa wanauza 959, yenye viti vya heshima, magurudumu manne yanayosukuma na kompyuta za kugawa nguvu. Ndugu zake za mashindano zilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika Paris-Dakar ya 1986, jangwani, kwenye mchanga. Ningepewa F40 ningeikumbatia, lakini aliyeona mbali ni Porsche: supakaa nyingi za leo zinafuata njia ya 959.

Halafu ikaja Honda NSX mwaka 1990. Nguvu farasi 270 tu, bodi yote ya alumini, na unaweza kwenda nayo kazini kila siku. Ayrton Senna aliijaribu Suzuka ikiwa bado mfano, akaiona haijakaza vya kutosha, na Honda wakaiimarisha. Murray aliinunua, akaitumia kwa miaka kadhaa, na akaifanya kipimo cha F1 yake. Kwamba mtu aliyebuni gari la kasi kuliko yote ya wakati wake alijifunza kutoka gari la nguvu farasi 270, hilo lingetosha kuufunga mjadala wa tarakimu.

“Ili kuunda supakaa lazima uzaliwe Italia.” Si kweli. Horacio Pagani ni wa Casilda, Argentina. Akiwa Lamborghini aliomba wanunue tanuri la kuivishia nyuzi za kaboni; kwa simulizi yake alijibiwa kwamba hata Ferrari hawana. Akakopa, akanunua la kwake mwaka 1987. Zonda yake ilitoka mwaka 1999. Christian von Koenigsegg ni Mswidi. Mate Rimac kampuni yake aliianzisha Kroatia.

“Umeme umemaliza ubishi.” Bado. Nevera ya Rimac ina nguvu farasi 1,914 na hufika 100 kwa chini ya sekunde mbili, lakini inapita tani mbili kwa sababu ya betri. Murray alichagua njia nyingine kwa T.50: chini ya tani moja, V12 isiyo na turbo inayozunguka mara 12,100 kwa dakika, gia za mkono, na feni nyuma ya kuivuta gari chini. Rimac naye alipokabidhiwa Bugatti alichagua injini ya V16 ya petroli, akaiongezea mota za umeme. Gari hilo, Tourbillon, lilionyeshwa mwaka 2024.

“Fikra za supakaa hazina faida kwenye barabara zetu za vumbi.” Si kweli, na hili ndilo ninalotaka lijulikane zaidi.

Murray huyohuyo alipewa na Torquil Norman kazi ya kubuni lori kwa ajili ya Afrika. Likaitwa OX. Lilibuniwa lisafirishwe likiwa vipandevipande, sita katika kontena moja la futi 40, na watu watatu wanaliunganisha ndani ya saa 12. Vioo vyote ni bapa, hivyo ni rahisi kuvipata. Mlango wa kulia unaingia kushoto. Fremu za mabenchi ya nyuma zikitolewa zinatandikwa chini ya tairi lori likikwama mchangani. Linabeba kilo 1,900. Dereva ameketi katikati, kama kwenye F1, na kwa sababu hiyo lori lilelile linafaa nchi inayoendesha kushoto na inayoendesha kulia. Baadaye liligeuzwa kuwa la umeme, na likaingia kazini Rwanda kubeba mazao ya wakulima na bidhaa za wafanyabiashara wadogo kwenye barabara ambazo malori makubwa hayafiki.