Achana na Mkorogo, Ngozi Inataka Maji na Mafuta



Mama mmoja alifanyiwa upasuaji wa kujifungua hospitalini kwetu. Mtoto alitoka salama, tukamshukuru Mungu. Shida ilianza wakati wa kushona. Ngozi ya tumbo lake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila uzi ulipokazwa ilichanika. Kidonda kilichukua wiki nyingi kufunga. Tulipomhoji taratibu, bila kumfokea, alisema amejipaka mkorogo mwili mzima kwa miaka sita, tangu alipokuwa mchumba. "Sista, nilitaka tu nipendeze," aliniambia.

Kupendeza si dhambi, na mimi sitamlaumu mwanamke anayetaka uso wake ung'ae siku ya arusi au ya Pasaka. Lakini inafaa ajue anajipaka nini.

Katika mkorogo mara nyingi mna mojawapo ya vitu hivi, au vyote pamoja. Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo hung'arisha mwanzoni, halafu baada ya muda huacha mashavuni madoa meusi yenye rangi ya buluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Cha pili ni zebaki. Hiyo hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Cha tatu ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, kama betamethasoni na klobetasoli, zinazotumiwa vibaya bila daktari. Hizi ndizo hasa huifanya ngozi kuwa nyembamba, na zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu zaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama ziache kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki ifikapo mwaka 2020. Hapa Tanzania pia vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Lakini makopo bado yanapita, mengine hayana hata maandishi. Kopo lisilosema ndani yake mna nini, liache dukani. Ukiona limeandikwa mercury, calomel au Hg, ujue hiyo ndiyo zebaki.

Basi tufanye nini? Ninawashauri akina mama na mabinti watenge dakika kumi kila jioni, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala. Nawa uso kwa maji ya kawaida au ya vuguvugu, si ya moto, kwa sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya mche iachie nguo. Tumia viganja, dodoki ni la visigino. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo lako mwenyewe, kwa maana taulo la familia nzima husambaza upele na ugonjwa wa macho wa vikope. Kabla ngozi haijakauka kabisa, paka mafuta kidogo, ili yashike ule unyevunyevu uliobaki. Watu wengi hupaka mafuta mengi juu ya ngozi kavu, kisha wanashangaa kuona miguu bado imepauka.

Mafuta gani? Ya mgando yanatosha. Ya nazi ni mazuri pia kwa mwili, na unaweza kuyatengeneza nyumbani. Chukua nazi tatu zilizokomaa, zikune kwa mbuzi, zikamue kwa maji kidogo ya vuguvugu, uchuje. Liache tui lilale usiku kucha. Asubuhi engua ule utando mzito wa juu, uchemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka maji yakauke na mashapo yawe ya kahawia. Mafuta yatakuwa yamejitenga. Yakipoa, yachuje na kuyatia katika chupa iliyokauka kabisa, kwani maji kidogo tu huyafanya yaharibike haraka. Ninyi mnaokaa milimani kwenye baridi msishtuke yakiganda, yatayeyuka kiganjani. Ila binti mwenye chunusi asiyapake usoni, yataziba vinyweleo na chunusi zitaongezeka.

Si kila kitu cha asili ni salama. Ndimu nimeona wasichana wakiipaka usoni kisha wanakwenda shambani. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi kuliko ile waliyotaka kuiondoa. Mshubiri ni mzuri kwa ngozi iliyochomwa na jua, lakini acha kwanza ule utomvu wa njano umwagike, kwa sababu huwasha. Tumia ute mweupe wa ndani tu. Liwa ya wenzetu wa pwani, yaani msandali uliosagwa juu ya jiwe, sina ugomvi nayo kwa mtu mzima. Hina nayo ni ya watu wazima. Mtoto mchanga asipakwe, maana kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu ambao hina huvunja chembechembe zao nyekundu. Na ile piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele huleta malengelenge. Kitu chochote kipya, kipake kwanza kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili.

Mchana jifunike kwa kanga, kofia au mwavuli. Mimi wakati wa kupaka mafuta miguuni husali fumbo moja la rozari, nimegundua hata mabega hulegea. Usitazamie mabadiliko keshokutwa. Ngozi huchukua kama mwezi mmoja kujifanya upya.

Nawe uliyetumia mkorogo kwa miaka mingi, acha, lakini usiache kimyakimya peke yako. Ngozi iliyozoea zile dawa, ukikatiza ghafla, yaweza kuwa nyekundu, kuvimba na kuwaka moto, na wengi hapo huogopa wakarudia kopo. Njoo zahanati au hospitali tukupunguzie kwa utaratibu na kupima mkojo na shinikizo la damu. Uje na kopo lenyewe, hata kama ni tupu, na kama unanyonyesha uje na mtoto.