Mvuje, Tangawizi na Tumbo Lililojaa Gesi

Ukienda kununua viungo Jinja au Mbale na kulalamika kwamba tumbo limejaa gesi, muuzaji huenda akakupa dawa kabla hujamaliza maelezo: mvuje kidogo, ajwaini, chumvi ya mawe, kisha maji ya moto. Hiyo ni Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi, ingawa wengi wanaoitumia hapa hawaiiti hivyo. Ilikuja na wafanyabiashara waliofuata reli kutoka pwani, na waliohamia kwenye miwa ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yakapewa watu wengine, lakini viungo vyao vilikuwa vimeshazoeleka majikoni. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya familia zimerudi, na siku hizi vinauzwa pia vidonge na unga wa makopo kutoka India. Hapo ndipo hadithi inapogawanyika, kwa maana kiungo cha jikoni na kidonge cha kopo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na gesi yenyewe. Mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa haidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Ongeza viazi vitamu vya Busoga, matoke, na malewa ya Bugisu, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yanayoungwa kwa karanga, utaona kwamba bakteria wa watu wa mashariki mwa Uganda hawakosi kazi.

Mlo huo ni wa heri, nami nasikitika kila nisikiapo mtu ameuacha kwa kuogopa ushuzi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alichapisha na wenzake vipimo mwaka 1972: wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao ilikuwa kama gramu 104, na saa 83. Utumbo unaosukuma mizigo kwa kasi hiyo una gharama yake, nayo ni gesi. Kuipunguza ni rahisi: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sukari zile huyeyuka majini, na sehemu yake huondoka nayo.

Lakini kuna watu ambao tumbo huwajaa kila siku, hata wakila uji mtupu. Watafiti wa Barcelona waliwapiga picha za skana watu wa namna hiyo na kukuta kwamba mara nyingi gesi yao haikuzidi sana ile ya wengine. Kilichobadilika ni misuli: kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kilishuka, ukuta wa tumbo ukalegea, na tumbo likatokeza mbele. Utumbo wao pia huhisi kupita kiasi, hivyo gesi ya kawaida huwaumiza. Wapo waliopata nafuu kwa kufundishwa upya jinsi ya kupumua.

Matokeo hayo yanatusaidia kuelewa mitishamba. Ayurveda inasema tumbo la namna hii lina upepo mwingi na moto wa kumeng'enya umefifia. Maabara haijaukuta moto huo, ila imekuta kemikali. Ajwaini ina thimoli, shamari ina anetholi, na katika majaribio ya maabara zote mbili hulegeza misuli laini. Mafuta ya nanaa, ndugu yao wa kazi hiyo, ndiyo yaliyopimwa zaidi kwa wagonjwa wa utumbo unaosumbua, na mengi ya majaribio hayo yalionyesha nafuu. Tangawizi huharakisha tumbo kujimimina kuelekea utumbo mwembamba. Manjano yalishindanishwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, huko Thailand kwa wagonjwa 206 wa kuvimbiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2023: nafuu ilikaribiana. Mvuje wenyewe una ushahidi mwembamba. Jaribio la mwaka 2018 lilikuwa na watu 43 tu, na miongoni mwa waandishi walikuwemo watu wa kampuni inayoutengeneza.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, basi, tangawizi, shamari na ajwaini kwa kiasi cha chakula sina sababu ya kuzikataza. Mvuje wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, jambo linaloweza kumrudishia gesi mtu ambaye ngano ndiyo humsumbua. Mtoto mchanga asipewe mvuje kabisa: mwaka 1984 kiliripotiwa kisa cha mtoto wa wiki tano ambaye damu yake ilishindwa kubeba oksijeni inavyopaswa baada ya kunyweshwa.

Kuhusu vidonge nina wasiwasi mkubwa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya fomula huongeza madini kwa makusudi. Shankh vati, kidonge maarufu cha gesi, katika fomula yake ya jadi kina majivu ya kombe, zebaki, na mmea wenye sumu wa akonaiti. Na risasi ikimwingia mtu huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, yaani mgonjwa anaweza kuongeza dozi ya kitu kinachomuumiza.

Majivu ya kombe ni kalisi. Kalisi hushikana na dolutegravir, dawa ya VVU inayotumiwa na Waganda wengi, na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Anayeitumia ameze dolutegravir saa mbili kabla ya kalisi au saa sita baadaye, na amwambie mhudumu wa kliniki kila unga anaokunywa.

Halafu kuna tumbo ambalo halihitaji kiungo chochote, linahitaji kipimo. Mwanamke ambaye tumbo limemjaa kwa wiki kadhaa mfululizo, hasa aliyevuka miaka 50, achunguzwe saratani ya ovari. Kukonda, damu kwenye choo, macho ya manjano au kutapika mara kwa mara kumpeleke mtu hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale siku hiyohiyo. Na kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Jinja, wanaovua, kufua na kuoga humo, kuna kichocho cha matumbo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, miaka ikipita ini hukakamaa na tumbo huvimba kwa maji, huku mgonjwa akidhani ni gesi. Kipimo cha choo huanza kuonyesha ukweli, na dawa yake, prazikwanteli, dozi yake hukadiriwa kwa uzito au kimo cha mgonjwa.