Je, Wajua? Spea Inayogonga Mlangoni

Spea ya mlango wa nyuma ikilegea, lawama humwangukia dereva. Akishajitetea, kesi huhamia kwa fundi, na fundi naye huisukumia nati: hizi feki, si za kiwanda. Kesi hiyo husikilizwa kila siku kando ya magari, Mbarara mjini na huku kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mshtakiwa halisi hatajwi kamwe. Nati halisi ya kiwanda, iliyokazwa na mtu mwenye kifua, hulegea vilevile. Sababu yake inajulikana tangu 1969, na haihusiani sana na nguvu za mkono wa fundi.

Gari lenyewe halihitaji utambulisho. Ni ile Land Cruiser ndefu nyeupe yenye mabenchi mawili ya ubavuni yanayotazamana, ya ukoo wa 70 uliotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1984. Asubuhi hubeba chanjo, mchana wajumbe wa mkutano, usiku mama mwenye uchungu kutoka kijiji cha Misiera, na mambo yakiwa mazito huendelea naye hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Nyuma, mlangoni, limening'inia gurudumu la tano: tairi la 7.50 kwa rimu ya inchi 16, chuma kitupu, na tyubu ndani. Uzito wake wote hukaribia kilo 40.

Wengi hulichukulia kama pambo mpaka siku ya pancha. Madereva wa kwanza duniani hawakuwa nalo kabisa. Tairi likitoboka walipiga magoti kwenye tope na kuziba papo hapo. Mwaka 1904 ndugu wawili wa ukoo wa Davies, mjini Llanelli, Wales, wakaanza kuuza rimu ya ziada yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ya kufunga juu ya gurudumu bovu. Tangu hapo gurudumu la akiba limewekwa kwenye boneti, ubavuni, chini ya tumbo la gari, juu ya paa. Waliolitundika kwenye mlango wa nyuma walikuwa na sababu nzuri: haliliwi na mawe, halimezi tope, na mtu mmoja anaweza kulishusha. Ila walilipa makazi mabaya kuliko yote kwa upande wa mtikisiko.

Mlango wa nyuma uko nyuma ya ekseli. Ekseli ikirushwa na shimo, kilicho nyuma yake hurushwa zaidi. Springi za nyuma za gari hili ni za mabamba, zimepangwa kubeba mzigo. Gari likiwa tupu hazinyumbuki vya kutosha, zinapiga. Ongeza kwamba mlango wenyewe umeshikwa na bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili, na katikati ni bati jembamba lililobeba kilo 40. Ukitaka kujua mlango umechoka, usiangalie spea. Fungua mlango, uinue ncha yake kwa mikono miwili. Ukipanda na kushuka hata kidogo, pini za bawaba zimeliwa, na kukaza nati za spea peke yake ni kazi bure.

Halafu barabara. Ukiacha lami ya Mbarara na Kikagati na kuingia murram, kiangazi kikishakolea, unakutana na vile vimatuta vidogo vinavyofuatana kwa mstari, ambavyo kila mtu hudhani vimechimbwa na malori. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio yao: waliviringisha gurudumu dogo juu ya meza ya mchanga inayozunguka, na vimatuta vikajitokeza vyenyewe kila gurudumu lilipopita kasi fulani ya chini. Hakukuhitajika lori, wala injini, wala hata springi. Gurudumu lolote linaloviringika juu ya udongo mkavu kwa kasi ya kutosha hujitengenezea mawimbi. Ndiyo maana greda likipita leo, baada ya muda yamerudi, na ndiyo maana sioni haki ya kumtukana mwenye fuso peke yake. Bodaboda naye yumo.

Vimatuta hivyo mara nyingi huachana kwa kati ya nusu mita na mita moja. Chukua sentimita 75. Katika kilomita 30 za murram, gari hupiga kimatuta mara 40,000. Spea nayo hupandishwa na kushushwa mara 40,000, kwenda tu.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Bolti zinazoshika spea zimelala: zimetoka kwenye breketi ya mlango kuelekea nyuma. Mtikisiko wa barabara unakwenda juu na chini. Kwa hiyo gurudumu halivuti bolti kwa urefu wake, linajaribu kuteleza juu ya uso wa breketi, likikata njia ya bolti kama msalaba. Kwa miaka mingi wahandisi walihangaika na mtikisiko unaovuta bolti kwa urefu. Mjerumani Gerhard Junker akatengeneza mashine inayosukuma vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti huku na huku, kiubavu, na mwaka 1969 akaonyesha kwamba mwendo huo wa ubavuni ndio adui mkubwa wa nati. Kwenye mashine ya aina hiyo, nati ya kawaida inaweza kupoteza mkazo wake wote ndani ya misukosuko mia kadhaa tu. Sisi tunaipa 40,000.

Kwa nini izunguke yenyewe? Hesi za bolti ni mteremko uliozungushwa. Fikiria gunia la posho juu ya ubao uliowekwa kupandia lori. Limetulia, msuguano umelishika, na unaweza kusimama kando ukavuta pumzi. Sasa mtu alisukume kidogo tu kwa ubavu. Halitakwenda ubavuni peke yake. Litateleza na kushuka chini pia, ingawa hakuna aliyelisukuma chini. Msuguano ukishashindwa upande mmoja, umeshindwa pande zote. Nati hufanya hivyohivyo: kila gurudumu linapoteleza hata nusu milimita juu ya breketi, nati hushuka mteremko wake kidogo, na njia pekee ya kushuka ni kufunguka.

Kwa hiyo swali la maana si nati imekazwa vipi. Ni je, gurudumu linateleza? Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana rimu na breketi pamoja. Wakati msuguano wa mbano huo unazidi nguvu ya kuteleza, mtikisiko wa Junker haupati pa kuanzia. Mbano ukipungua, mchezo umeanza.

Na unapunguzwa na nini? Na rangi! Gari linabadilisha mradi, linapigwa rangi nyeupe upya, breketi na rimu pia, tabaka juu ya tabaka, halafu spea inafungwa juu ya rangi hiyo. Rangi nene chini ya mbano hulegea na kusambaa taratibu, hata gari likiwa limeegeshwa. Vumbi lililonaswa kati ya nyuso mbili hufanya vilevile, likisagika. Upana wa nywele tu ukipotea pale, bolti fupi imepoteza sehemu kubwa ya mkazo wake. Fundi aliyekaza vizuri jana anaonekana mzembe leo. Dawa ni kukwangua rangi mpaka chuma kwenye mduara wa mguso, kufuta vumbi, kukaza, na kukaza tena baada ya safari ya kwanza ya murram. Hatua hii ya mwisho haifai kurukwa kwa sababu yoyote, ila hurukwa kila siku.

Dalili yake ni ndogo na inadanganya. Vyuma viwili vinavyosuguana kwa mwendo mdogo sana hutoa unga wa kutu, mwekundu wa kahawia, laini kama poda, unaojikusanya kuzunguka nati. Mahali pengine fundi akiuona anajua. Huku kwetu gari zima ni jekundu kwa murram, na unga huo unapotelea humo. Ipo njia ya kuutofautisha: osha mlango, ufute nati kwa kitambaa kikavu, safiri siku moja kwenye lami au baada ya mvua, kisha utazame. Wekundu ukiwa umerudi kwenye nati tu, na kwingine kusafi, hilo si vumbi. Au ufanye rahisi zaidi: chora mstari mmoja wa rangi unaovuka nati, bolti na breketi. Mstari ukivunjika, nati imetembea. Mstari huo unagharimu kikopo cha rangi ya kucha.

Wosha ya springi, ile iliyokatwa na kupinda, inaaminiwa kuliko inavyostahili. Ikishabanwa kabisa inakuwa kipande cha chuma bapa kama kingine, na kwenye majaribio ya mtikisiko wa ubavuni haisaidii lolote la kujivunia. Nati yenye pete ya nailoni ndani ni afadhali: haizuii kulegea, lakini inazuia kudondoka. Nati mbili hufaa zikipangwa sawasawa, na hapa wengi hugeuza: nyembamba ndiyo inayotangulia kugusa rimu, nene inakaa juu yake, kisha unaishika nyembamba kwa spana na kuikaza nene dhidi yake. Mnyororo na kufuli ni kwa ajili ya wezi. Haujawahi kumkazia mtu spea.

Kinachoniudhi hasa ni kinachofuata baada ya breketi kupasuka. Hakuna anayeagiza nyingine. Spea inaondolewa mlangoni na kutupwa ndani, nyuma, kati ya mabenchi, na hapo inakaa miezi. Abiria wanaweka miguu juu yake. Ikiegemezwa mlango kwa ndani, atakayefungua ndiye atakayeipokea kwenye vidole vya miguu. Mama wa Kikongo anayepanda na mtoto mgongoni huuliza, "Papa shofere, hii pine haitatuangukia?" na hujibiwa, "Kaa tu, mama, iko nzito, haiendi popote."

Uzito ndio unaoipeleka. Kitu kinachosafiri kwa kilomita 50 kwa saa kina nguvu ileile ya kitu kilichoangushwa kutoka karibu mita 10. Gari likisimama ghafla kwa kugonga, spea haijaambiwa isimame. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinadai vifaa vya ndani vifungwe viweze kustahimili mara 10 ya uzito wake. Kwa spea yetu ni sawa na kushika kilo 400. Kamba za mpira zinazokatwa kutoka tyubu kuukuu, ambazo kwa jerikeni na mkaa juu ya baiskeli hazina mpinzani, hapa hazifai. Mpira unanyooka. Unaliachia gurudumu liondoke, halafu unalirudisha kwa kishindo.

Kama ni lazima ikae ndani, ilazwe chini, upande wa kina wa rimu ukitazama sakafu, mbele kabisa, ikigusa ukuta au miguu ya viti vya mbele ili isipate nafasi ya kuanza mbio. Bolti ndefu ipite katikati ya rimu, itokeze chini ya sakafu kupitia bamba pana la chuma, maana bati la sakafu peke yake hupasuka, na juu iwekwe bamba jingine linalofunika tundu la rimu, na nati. Kabla ya kutoboa, mtu alale chini ya gari aone mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi. Asiyetaka kutoboa atumie mikanda miwili ya kukaza kwa meno, ile ya malori, ipite ndani ya matundu ya rimu na kushuka pande mbili tofauti hadi kwenye vyuma vya sakafu. Kuzungusha mkanda juu ya mpira wa nje hakutoshi. Tairi hubonyea, mkanda unalegea. Na gari la wagonjwa lisiwe na spea ndani hata kidogo. Breketi mpya ni bei ndogo kuliko machela.

Tatizo ni kwamba breketi haina mwenyewe. Makazi ya Nakivale ni ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ni miongoni mwa ya zamani kabisa barani, yamepokea Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, na magari meupe yamekuja na kuondoka na kila mradi. Bajeti ina mstari wa kununua gari na mstari wa mafuta. Mstari wa bolti haupo, kwa hiyo gari la mamilioni mengi linaegeshwa kwa kukosa kipande cha chuma ambacho fundi wa kuchomelea wa Mbarara angekimaliza kabla ya chakula cha mchana. Spea yenyewe huzeeka hapo nje bila kukanyaga ardhi: jua na hewa huipasua ubavuni. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake, zile za kwenye kibonyeo kirefu. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama halijatumika, lakini ni nani husoma ubavu wa spea?

Likishakataliwa na gari, tairi hupata kazi nyingine: lugabire za miguuni, mikanda ya kufungia mizigo, kitalu cha vitunguu, uzito wa kuzuia mabati ya paa yasipeperuke, bembea, kiti cha fundi wa baiskeli, mpaka wa kiwanja. Lisiachwe wazi likajaa maji ya mvua, kwa sababu mbu wa jamii ya Aedes hutagia humo, na lisichomwe.